Majina Yaliyokatwa Mkia

Siku walipokutana, studio ya picha pale Ukunda ilikuwa imejaa wazazi waliotaka picha za watoto wao. Syovata, mwenye studio, katika gauni lake la samawati na misuko iliyomwagika mabegani, alihangaika na kompyuta iliyomwonyesha maandishi matupu kwenye kioo cheusi.

"Dada, mafaili yako yamerundikana kama dagaa guniani," Chengo akamtania. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli za Diani, shati jeupe limenyooshwa, marashi yanamtangulia.

"Basi yaanike, kaka, kama unaweza."

Akayaanika. Akamtengenezea programu ndogo ya kuyapanga safu kwa safu, kwa rangi, mapya juu. Majina marefu ya folda akayakata mwisho, yakae sawasawa. "Niamini," akamwambia. Syovata akaipenda kazi, kisha akampenda mwenye kazi. Simu zikawa haziishi, laazizi huku, kipenzi kule, hata mama Chengo akaanza kuulizia kwao.

Mabinti, pendeni, lakini someni.

Ikaja harusi ya Msambweni. Kama ilivyo ada, picha za wanaume msikitini ziliwekwa folda yake, na za wanawake, waliovua mabuibui wakacheza ndani, folda yake. Kwenye kioo zote mbili zikasomeka "Harusi ya Msambweni" tu, neno la mwisho, Wanaume au Wanawake, limekatwa. Syovata akachukua ya juu, akamtumia kaka wa bwana harusi, aliyetaka za wanaume.

Alipogundua ametuma ya wanawake, akashika simu. Akampigia Chengo.

"Umekata majina, Chengo. Mama za watu wamo mle vichwa wazi, na picha ziko kwenye simu ya mwanamume."

"Hukufungua ukatazama?"

"Uliniambia nikuamini."

Simu ikakatika. Chengo akapanda bodaboda mpaka Msambweni, roho juu. Kumbe yule kaka alifungua picha moja, akamwona shangazi yake akicheza, akafunga upesi na kumpa mama yake simu azifute. Chengo akamwomba mama yule radhi, akisema kosa ni lake.

Akarudi studio, akayarefusha majina yote. Folda za wanawake akazitia rangi nyekundu.

"Sasa hayapendezi," akasema, macho chini.

"Yanasomeka."

"Mama anauliza aje lini kwenu kuposa."

Syovata akafungua folda moja nyekundu, akatazama, akaifunga. "Aje."

Ameolewa sasa. Lakini hatumi kitu bila kukifungua kwanza, hata mumewe akimwambia ni sawa. Nanyi fungueni.