Pole Haitoshi, Thuo

Jumamosi pale sokoni Kiamaiko mbuzi ni wengi kuliko watu, na watu wenyewe hawapungui. Thuo, fundi wa baiskeli, alikuwa akimkagua beberu meno aliposikia sauti aliyoikimbia miaka miwili.

"Fundi, cheni yangu imetoka. Ama siku hizi unatengeneza mbuzi?"

Alikuwa Wavinya wa mtaa wa Ziwani, mchumba wake wa zamani. Alivaa blauzi ya manjano ya mikono mirefu na jinzi iliyokunjwa mguu mmoja isishike mafuta. Nywele zilikuwa zimeota upya baada ya dawa za saratani. Titi la kushoto lilikuwa limekatwa. Thuo alijua hilo, na macho yake yakakosa pa kutua.

"Pole, Wavinya. Pole kwa yote."

"Nishapoa. Rudisha cheni."

Akairudisha huku akisikiliza habari zake. Desemba hiyo ya 1997 Wavinya alitaka kuingia mashindano ya baiskeli kutoka Nairobi hadi Namanga, zaidi ya kilomita mia na hamsini.

"Daktari alisema nifanye mazoezi mepesi," akacheka. "Hakusema mepesi ni kilomita ngapi."

Thuo akajitolea kumfundisha. Wapo watu ambao wakikosa hawaombi msamaha, wanazidisha wema tu, na fundi wetu alikuwa mmoja wao. Alimwinulia usukani, kwa sababu tangu upasuaji mkono wa kushoto wa Wavinya ulivimba akiinama sana. Kila asubuhi alitangulia mbele kumkingia upepo kwenye Barabara ya Kangundo, kwanza hadi Ruai, kisha Kamulu, kisha Tala. Jioni alipiga simu kwenye duka la Wehliye, jirani ya Wavinya.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ongea kwa adabu, Wehliye anasikiliza."

"Mwambie nakupenda hata akisikiliza."

"Ameshasikia. Anasema mapenzi yako yanamfukuzia wateja."

Mapenzi yalirudi, na hapo ndipo dhambi ilipoanza kumla Thuo. Kikulacho ki nguoni mwako, na Wavinya hakujua. Wakati ule wa ugonjwa Thuo alimtembelea wodini mara mbili. Mara ya tatu alimwona kupitia dirisha, kichwa kitupu, akaogopa, akageuka akaenda zake. Wanakwaya wenzao wa kanisani walipomuuliza hali ya mgonjwa, aliona haya kusema amemkimbia. Akawaambia, "Amepelekwa kwao Mbooni." Basi hakuna aliyekwenda tena. Wavinya akalala wiki tatu bila mgeni. Alipotoka hakumsalimu mwanakwaya hata mmoja, na wao wakadhani ugonjwa umemtia kiburi.

Siku moja walikuwa wamekaa Kamulu wakinywa maji.

"Wewe uliogopa, nakujua," Wavinya akasema. "Hilo nilishalimeza. Lakini Jacky? Kwenye kwaya tulikuwa chanda na pete. Nilimkosea nini mpaka asije hata siku moja?"

"Pole," Thuo akasema.

"Kila mlima pole, kila nikikohoa pole. Pole ni ya mgeni aliyekuja kuona mgonjwa. Wewe ni mgeni wangu?"

Thuo akainamia gurudumu lisilo na kasoro yoyote. Wavinya akapanda baiskeli akarudi peke yake.

Jioni Thuo akapiga simu.

"Wavinya anasema hayupo," Wehliye akajibu.

"Amesema lini?"

"Sasa hivi. Amesimama hapa."

Alivumilia siku nne. Ya tano akaenda Ziwani, akamkuta anaanika nguo, akamwambia yote mlangoni bila kuketi: lile dirisha, ule uongo wa Mbooni, na majina ya wote waliomuuliza, Jacky akiwa wa kwanza.

"Nisamehe," akamalizia. "Nimekukosea."

Wavinya alikuwa ameshika shuka lenye maji, likimchuruzikia miguuni.

"Miaka miwili nimemchukia Jacky," akasema polepole. "Nilimwona sokoni amebeba mtoto, nikapita. Ana mtoto, na mimi sijui hata jina lake. Usiniombe mimi kwanza, Thuo. Nenda kawaambie wanakwaya."

Jumapili, wakati wa matangazo, Thuo akasimama mbele ya kanisa na kusema alichokifanya. Jacky hakungoja wimbo wa mwisho. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka, na Thuo akamfuata kwa mbali hadi Ziwani kwa Wavinya, akasimama nje ya mlango uliofungwa. Ndani wanawake wawili walilia, kisha wakacheka, kisha wakalia tena.

Baadaye sana Wavinya akatoka, macho mekundu.

"Nimekusamehe," akasema.

"Basi kesho asubuhi nikupitie? Namanga imekaribia."

"Kesho naenda na Jacky. Hajui kuendesha, lakini anasema atajifunza."

"Na mimi?"

"Wewe ngoja."

"Mpaka lini, mpenzi?"

"Mimi niliangalia mlango wa wodi wiki tatu," Wavinya akasema. "Anzia hapo."