Neva za Unga wa Maandazi

Asubuhi hiyo Azan alisali, akafagia uani kwao Isevya kama kawaida, kisha akashika kichwa. Leo ndiyo siku ya maonyesho ya sayansi! Yeye na Bertila walipangiwa kufinyanga seli tatu za neva. Bertila alishachora bango. Azan alitakiwa kufuata udongo wa mfinyanzi Itetemia, naye, jamani, jana kutwa alikuwa mpirani.

Jikoni aliona beseni la unga aliotoka kuukanda mama yake, Bi Najiat. Akamega donge, akaunda seli tatu zenye mikia na matawi, akazipanga kwenye sinia. Huyoo, shuleni! Alijiona mjanja kweli.

Mjanja huyo alisahau kwamba unga ule ulishatiwa hamira, na jua la Tabora halina mzaha. Zamu yao ilipofika, mikia na matawi vilishamezwa. Seli zote zilikuwa zimeumuka, mviringo. Darasa zima likaangua kicheko.

"Azan! Ndiyo nini hivi?" Bertila alinong'ona, machozi yakimlenga. Kundi bora ndilo lingeiwakilisha shule mkoani, na alikuwa ameitamani nafasi hiyo mno.

Mwalimu Advera aliinamia sinia. "Hizi ni neva au maandazi?"

"Neva, Mwalimu. Zinafanana kwa sababu jeni zake ni zilezile."

"Jeni ni zilezile, hapo umepatia. Ila kila seli haizitumii zote. Hii huwashiwa jeni fulani, ikawa neva ya kuhisi joto. Ile huwashiwa nyingine, ikawa ya kuamuru misuli. Zingekuwa za aina moja, ungeshika sufuria ya moto na usijue kuutoa mkono! Haya, sema kweli."

Azan alimtazama Bertila, aibu ikamjaa. "Bertila hana kosa, Mwalimu. Mimi nilikwenda mpirani, sikufuata udongo. Unga huu nimeuchukua kwa mama."

"Ala! Kumbe ni wewe!" Bi Najiat aliinuka katikati ya wazazi waliokuja kutazama maonyesho. "Nami nimemtandika paka wa watu bure!"

Mwalimu aliwapa muda hadi mchana. Azan alikwenda Itetemia mbio, akarudi kalowa jasho, kabeba udongo begani. Wakafinyanga neva tatu, kila moja na umbo lake, na Bertila akazieleza vizuri hadi wazazi wakapiga makofi. Bertila aliteuliwa kwenda mkoani. Azan aliteuliwa kumbebea sinia.

"Mwanangu," Mwalimu Advera alimwambia, "seli haijichagulii jeni za kuwasha. Wewe unajichagulia. Jana ulichagua uvivu, leo umechagua kusema kweli. Basi shika hilo la leo."