Sauti Kwenye Vali

Kimaiyo, jirani yetu kule Mau Narok, alikuwa akitengeneza injini za trela pale Salgaa kabla Gathogo hajamwajiri kutunza boti yake Ziwa Naivasha. Boti ya matanga, ya kulala ndani, yenye jiko, choo na injini ndogo ya dizeli. Kimaiyo hakujua kuogelea, lakini mitambo aliielewa upesi. Alifuata kila waya kutoka kwa betri mpaka kwa taa, kila paipu kutoka kwa tangi mpaka kwa mfereji. Haikupita muda, Gathogo akawa anawaambia wageni, "Muulizeni Kimaiyo. Mimi ni dereva tu."

Asubuhi moja ya jua kali, Linah, mama aliyemuuzia Gathogo boti hiyo, alikuja ziwani kuchukua blanketi aliloliacha. Akamwona Kimaiyo na spana mkononi. Akamvuta kando.

"Fundi, ukisikia mtu akikuita kwa ile vali ya chini, mfungulie."

"Mathe, nikifungua hiyo, maji ya ziwa yataingia. Boti itazama."

"Wacha izame," Linah akanong'ona. "Mimi nilifunga."

Akaenda zake bila kuaga. Kimaiyo akatikisa kichwa, akateremka ndani.

Alitaka kubadilisha mpira unaopeleka maji ya ziwa kwa injini ili isichemke. Akafunga ile vali ya chini, akalegeza klipu, akachomoa mpira. Mdomo wa vali ukabaki wazi, upana wa kidole gumba. Hakukuwa na tone.

Hapo ndipo pampu ya kutoa maji ikajiwasha.

Akapapasa chini ya sakafu. Pakavu. Pampu ilikuwa inavuta hewa, inakoroma. Akang'oa waya wake kwenye betri. Ikaendelea kukoroma.

Kisha ikanyamaza, na ndani ya vali mtu akakohoa.

"Baba Chesang."

Ilikuwa sauti ya mke wake, Mercyline. Na Mercyline alikuwa nyumbani, huko juu mlimani, ambako hata kisima ni cha kutafuta. Walikuwa wameongea asubuhi hiyo juu ya mbegu za viazi.

"Baba Chesang, fungua. Maji yamenifika shingoni."

Akatoa simu, akampigia, asikie sauti yake ya kweli ili huu wazimu uishe. Simu ikaita. Akaisikia ikilia ndani ya vali, mbali, kama iliyozamishwa: wimbo ule wa kwaya aliomwekea mwenyewe.

"Tafadhali. Nimepanda juu ya meza."

Akashika mkono wa vali. Akafikiria ziwa lote lile upande wa pili. Akafikiria boti isiyo yake.

"Shindwa," akasema.

Akatia spana, akakaza. Sauti ikalia. Akakaza tena.

"Baba Che—"

Akakaza. Yakabaki mapovu. Akakaza mpaka chuma kikapiga kelele.

Kimya.

Akaketi sakafuni akitweta, akamshukuru Mungu kwa kumpa ushindi. Halafu akafunga mpira mpya, vizuri, na klipu mbili.

Binti yao Chesang ndiye aliyempigia, akiwa ametoka shule kuja kula chakula cha mchana. Hakuweza kusema maneno ya kueleweka. Mama yake alikuwa chali juu ya meza, nguo kavu, unga ulio kwenye debe ukiwa mkavu. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamejaa maji, na ndani ya maji hayo mlikuwa na magugu ya ziwa.

Sisi majirani ndio tuliosafisha ile nyumba. Ukutani, pande zote nne, kulikuwa na mstari wa matope ulionyooka kabisa, shibiri moja tu kutoka kwa dari. Kwenye mbao za dari kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Na katikati ya mikwaruzo hiyo, alama ya kiganja, yenye maji. Kiangazi kimekuja na kupita, tumewasha jiko la makaa chini yake mara kadhaa.

Haijakauka.