Pumzi Nyuma ya Fidla

Kila aliporekodi, mwisho wa wimbo palisikika mtu akishusha pumzi.

Mpiga fidla alichomoa friji, akasimamisha godoro la kitandani ukutani, akaziba dirisha kwa mablanketi yote mawili. Wapi! Pumzi ilikuwepo. Na mtayarishaji wa filamu alishamwambia bila haya: rekodi safi ifike Ijumaa, la sivyo fidla ya kompyuta itapiga badala yake. Miaka kumi na tisa ya kushika upinde, leo ashindwe na mashine!

"Unasimama mlangoni unanipumulia," alimfokea mkewe.

"Mimi? Nilikuwa uani naanika nguo. Na hilo godoro utalirudisha lini, au tulale wima?"

Ijumaa asubuhi alifanya wafanyavyo mafundi: alirekodi chumba kitupu dakika moja, ili kompyuta iujue mvumo wa chumba na kuufuta. Aliwasha maikrofoni, akatoka, akafunga mlango. Aliporudi kusikiliza, pumzi ilijaa dakika nzima, nzito, karibu kabisa na maikrofoni, na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mwingine angetimua mbio. Yeye hasira zilikuwa zimemfika kooni, na hasira ni hasara.

"Unanichezea, siyo? Kama unajua sana, piga wewe!"

Pumzi ikakatika.

Akaanza upya, na safari hii vidole vilikwenda vyenyewe, upinde ukawa mwepesi mno, akataka kuacha asiweze, akataka kumwita mkewe sauti isitoke, huku kitu chenye joto kimemwegemea begani, kimemshika kiganja taratibu kama mwalimu amshikavyo mwanafunzi, mpaka wimbo ukaisha na ile harufu ikaondoka.

Rekodi ilikuwa safi, haina hata chembe ya pumzi. Aliituma hapo hapo. Kabla ya adhuhuri simu ikalia.

"Kaka, umeua!" mtayarishaji alishangilia. "Ya kompyuta nimeitupa. Jumapili tunazindua filamu, njoo upige mbele ya wageni wote."

Aliruka kwa furaha, hofu ikamtoka. Alimkalisha mkewe kitini, akaweka fidla begani, akavuta upinde. Nyuzi zilitikisika chini ya vidole, bila mlio. Akakandamiza zaidi, akavuta tena, na tena, jasho likimchuruzika.

Mkewe alikuwa bado anatabasamu, amekunja mikono mapajani, anasubiri.

"Haya, baba, mbona huanzi?"