Kiko Kipya cha Kibogoyo

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu seremala, tunayemwita Kibogoyo kwa sababu hana hata jino moja kinywani. Mkewe hataki moshi nyumbani. Kwa hiyo siku aliponunua kiko kipya na tumbaku ya mchanganyiko ambao hajawahi kuuonja, alijifungia mchana kweupe kwenye stoo ya mbao isiyo na dirisha.

Akashindilia tumbaku kwa dole gumba, akawasha, akavuta. Tamu kama asali, aliniambia. Akakitoa kiko mdomoni ili apumue. Mle gizani, kaa likawaka jekundu, likafifia, likawaka tena, na kiko bado kimo mkononi mwake. Akasikia kiko kikivutwa, fyuu... fyuu... Kisha mtu akakohoa karibu kabisa na sikio lake.

Akakitupa, akarukia mlango. Komeo likagoma. Alilivuta mpaka kucha zikatoka damu, na nyuma yake, fyuu... fyuu... bila haraka, kama mtu aliye kwake.

Mkewe akaja kugonga. "Baba watoto, unavuta na nani humo? Mwambie mgeni wako kikohozi hicho akakitibu!"

"Nifungulie, mama watoto!"

"Nifungue vipi, na komeo liko kwako?"

Majirani walivunja mlango. Ndani alikuwa Kibogoyo peke yake.

Baadaye alinipa kile kiko nikitazame. Ncha ya kutia mdomoni ilikuwa imetafunwa. Alama za meno, juu na chini, meno kamili.