Neno la Mzazi Ndani ya Kisomamoyo

Siwema aliweka kiganja juu ya kile kibao chembamba, na kibao kikapata joto. Kilihesabu mapigo ya moyo, kikapima jasho la vidole, kikamtazama macho. Kisha kikasema kwa upole, "Leo nakupendekezea mapenzi ya nesi na fundi wa saa. Kurasa mia mbili na kumi. Utaipenda."

Mwaka huo wa elfu mbili na tisini na tatu, ilikuwa shida kupata nyumba Morogoro isiyokuwa na kisomamoyo. Ndicho kilichowachagulia watu riwaya. Kilibeba hadithi za mapenzi elfu arobaini, na kilijua nani anataka kulia na nani anataka kuchekeshwa, kwa sababu mtu alipokuwa anasoma, chenyewe kilikuwa kinamsoma yeye: wapi macho yamepunguza mwendo, wapi moyo umeruka.

Mama yake, Mwanaidi, ndiye aliyekileta nyumbani, Siwema akiwa na miaka kumi na mitano. Mwezi huo huo binti wa jirani alikuwa amepewa mimba na mwanamume aliyesema hana mke, kumbe anaye, na watoto wanne juu. Mwanaidi alikosa raha kabisa. Sasa, kisomamoyo kilikuwa na sehemu iliyoitwa neno la mzazi. Mzazi anasema mara moja tu anachotaka kwa mwanawe, na mashine inachagua vitabu kwa kulifuata neno hilo. Akina mama wengine walisema watoto wasipewe mambo ya chumbani, basi. Mwanaidi aliona hiyo haitoshi.

"Asije akadanganywa na mwanamume," alisema.

"Nimeelewa," kikajibu kibao.

Hakumwambia hata mumewe, Chande. Miaka ikaenda, naye akasahau.

Siwema akafika ishirini na minne, fundi wa magari ya kamba yanayopanda Milima ya Uluguru. Ndipo ikaja barua ya posa kutoka kwa Mbaraka, fundi mwenzake. Mshenga aliketi sebuleni, akafungua kitambaa, akaitoa barua na kusema, "Shemeji, kijana hana kasoro ila anakula sana. Andaeni sufuria kubwa." Chande alicheka mpaka akakohoa. Mwanaidi naye moyo ulimtulia, maana Mbaraka alimjua, na wazazi wake aliwajua.

Jumamosi mchana akamwita binti yake jikoni. Siwema akasema, "Mwambieni hapana."

"Hapana? Kakukosea nini?"

"Bado hajanikosea."

"Siwema! Bado maana yake nini?"

"Mama, ananisubiri getini kila siku nikitoka kazini. Mtu wa hivyo anachunga saa zako. Na namba ya mama yake alinipa kabla sijaiomba. Anatengeneza ushahidi mapema." Alisema hayo bila hasira, anamenya vitunguu.

"Wewe humpendi, sema ukweli."

"Nampenda sana. Ndiyo maana nafanya haraka."

Yale aliyoyasikia Mwanaidi hayakuwa maneno ya mtoto aliyeumizwa, maana Siwema hajaumizwa na mtu maisha yake yote. Yalikuwa maneno ya kitabuni. Hapo akakumbuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaweka kiganja chake juu ya kibao.

"Mwanangu umempa vitabu gani?"

"Mia sita na kumi na viwili. Katika kila kimoja mwanamume ni mwongo. Mwanzoni Siwema alimtambua kwenye ukurasa wa mia na themanini. Mwaka wa tatu, ukurasa wa arobaini. Siku hizi ukurasa wa tatu. Neno lako limetimia vizuri, mama."

"Liondoe."

"Lilikoma alipotimiza miaka kumi na minane. Tangu hapo anaomba mwenyewe."

"Basi mpe vya wanaume waaminifu!"

"Nilimpa kimoja ili nimpime. Hakikuwa na mwongo hata mmoja. Alimpata kwenye ukurasa wa tisa."

Mwanaidi akarudi jikoni. Aliona kama kitabu ndicho kilichoharibu, basi atengeneze yeye kwa jambo la kweli. Akavuta kigoda, akaanza kumsimulia Siwema jinsi alivyopendana na baba yake. Alivyougua homa wiki nzima na Chande akampikia uji ulioungua kila asubuhi. Chande alivyokwenda Kilosa siku nne kutafuta kazi, akarudi na viatu vimechanika, kwa sababu nauli alinunulia kanga ya kumletea yeye.

Siwema aliweka kisu chini, akasikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa huruma.

"Kilosa alilala kwa nani, mama?"

"Kwa dada yake."

"Huyo dada ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

Siwema alimpapasa mama yake mkono, taratibu, kama watu wanavyompapasa mfiwa, akarudi kwenye vitunguu.

Uani Chande alikuwa anaongea na mtu kwenye simu. Akacheka, halafu akashusha sauti. Miaka thelathini na mmoja Mwanaidi amekisikia kicheko hicho bila kukijali. Alinyanyuka, akapunguza moto wa jiko ili sufuria isitoe kelele, akasogea dirishani kusikiliza.