Zamu ya Kinasa cha Mwisho

"Bonde limekuwa bubu," redio ya Motorola ilikoroma. "Sindano, ziba pengo."

Sindano alielewa. Malori ya magendo ya silaha yalikuwa yameshaingia bondeni, na idara ya usalama haikuwa ikiona kitu.

Alikaza mafuta. Yamaha ikapanda mlima ikirusha kokoto. Nyuma yake pikipiki nyeusi ilikuwa ikimfukuza tangu darajani. Risasi ikapita karibu na sikio ikipiga mluzi.

Akafunga breki. Akageuka. Bastola yake ya Glock ikabweka mara mbili.

Pikipiki nyeusi ikaporomoka genge zima, na mwenyewe juu yake.

Kileleni alifungua kompyuta. Katika udongo wa bonde lile idara ilikuwa imezika vinasa, vidude vya kusikia mtikisiko wa magari. Hakuna hata kimoja chenye nguvu ya kufikisha habari kituoni peke yake. Kila kimoja humpasia jirani, naye jirani humpasia wa mbele, mpaka zifike. Na kila kimoja kina zamu yake ya kusema. Majirani wawili wakisema kwa pamoja, anayewasikiliza haambulii kitu.

Sasa vyote vilikuwa vikisema kwa pamoja.

"Shemeji, wamevuruga zamu," Sindano alisema redioni. "Mtu katumia nywila za ofisini kwetu."

"Na hapa korongoni wamevunja kinasa na kukata mlingoti," alijibu fundi wa mitambo, mume wa dada yake. "Habari zote za mbali hupita hapa. Kinasa cha akiba ninacho. Antena itabidi niinue kwa mikono, juu ya jiwe."

"Utaonekana."

"Mwanaume mzuri kama mimi? Nimezoea. We panga zamu, shemeji."

Sindano alipanga. Cha mbali kabisa kiseme kwanza, majirani zake wanyamaze. Halafu kinachofuata. Mbele ya korongo barabara iligawanyika njia tatu, na kikosi cha kuzuia kilikuwa kimoja tu. Bila habari za vinasa vyote, askari wangekwenda kubahatisha.

Akabonyeza.

Nukta ya kwanza ikawaka kwenye kioo. Ikawaka ya pili.

Aliinua darubini. Shemeji alisimama juu ya jiwe, mikono hewani, jua likimpiga usoni.

Nyuma yake, kwenye vichaka, mtu mwenye bunduki alikuwa akitambaa.

Bastola isingefika huko. Sindano alishika redio. Neno moja tu, na shemeji angeruka chini. Antena nayo ingeshuka.

"Vipi huko?" shemeji aliuliza. "Mikono inakufa ganzi."

Nukta nyingine ikawaka. Kilibaki kinasa kimoja, na zamu yake haiharakishwi.

"Bado," Sindano alisema. "Usishushe."

"Haya. Ila nikirudi nyumbani, wewe ndiye utakayemweleza dada yako nilikuwa wapi."

Nukta ya mwisho ikawaka. Njia ya kushoto.

"Shuka! Shemeji, ruka!"

Mlio wa risasi ulimfikia Sindano baada ya shemeji kuwa ameshaanguka.

Sindano alituma habari kituoni. Vidole havikutetemeka, na jambo hilo lilimtisha kuliko mlio wenyewe.

Jua lilikuwa halijafika hata utosini Mkuu wa idara alipoita redioni.

"Malori yote tumeyanasa. Kazi safi."

"Nywila zilitoka kwa nani?"

Mkuu alikohoa. "Kwa mtu wa juu. Haguswi. Atabadilisha njia, nasi tutazika vinasa vingine."

"Na fundi?"

"Tutasema ajali kazini."

Simu ya Sindano ikalia mfukoni. Dada.

Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Akazima redio, akafunga zipu ya koti, akaweka risasi mpya kwenye bastola. Kisha akateremka kwa miguu kuelekea korongoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote, kwenda kumbeba shemeji yake.